Sindromu ya Miller Fisher: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi hulisikia jina hili kwa mara ya kwanza wakiwa tayari wamelazwa, jicho moja limefunikwa, na daktari ameshakwenda kwa mgonjwa mwingine. Haya ni maswali yanayobaki kitandani baada ya daktari kuondoka. Majibu hayachukui nafasi ya anayekutibu, ila yatakusaidia kumwuliza vizuri zaidi atakaporudi.

Huu ni ugonjwa gani hasa?

Ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaoletwa na kinga ya mwili yenyewe. Kingamwili zilizotengenezwa kupambana na vijidudu zinageukia mishipa inayoendesha misuli ya macho, pamoja na ile inayoupa ubongo habari za mahali miguu na mikono ilipo. Matokeo yake ni mambo matatu yanayokuja pamoja au kwa kufuatana ndani ya siku chache: macho yanashindwa kugeuka, mwili unapoteza mizani, na goti halirushi mguu daktari anapoligonga kwa nyundo yake ndogo.

Wataalamu wanauhesabu kuwa tawi la sindromu ya Guillain-Barré, ugonjwa unaojulikana zaidi ambao hulegeza miguu kisha ukapanda juu. Hapa mambo huanza juu, machoni, na mara nyingi miguu hubaki na nguvu zake.

Miller Fisher ni nani?

Ni mtu mmoja, si wawili. Charles Miller Fisher alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu, mzaliwa wa Kanada, aliyefanya kazi Boston, Marekani. Mwaka 1956 alichapisha taarifa ya wagonjwa watatu waliokuwa na dalili hizo tatu, akaeleza kwamba ugonjwa wao ni wa jamii moja na Guillain-Barré. Daktari James Collier alishaielezea hali kama hiyo mwaka 1932, lakini jina lililoshika ni la Fisher, ambaye kwa kweli madaktari wengi wanamkumbuka zaidi kwa kazi yake kubwa juu ya kiharusi.

Unaanzaje?

Kwa kawaida unaanza na macho. Mtu anaamka asubuhi, anatazama mlango, anaona milango miwili imesimama ubavu kwa ubavu. Anamimina maji, yanaishia mezani kando ya kikombe. Wengine wanasema ukungu tu, mpaka waulizwe vizuri ndipo wanagundua kwamba si ukungu bali ni vitu viwili viwili vilivyopandana.

Kuna jaribio dogo ambalo yeyote anaweza kulifanya: funika jicho moja kwa kiganja, kisha badilisha, funika la pili. Kama kila ukifunika jicho moja kile kitu cha pili kinatoweka, basi kila jicho peke yake linaona sawasawa. Tatizo ni kwamba hayaelekei mahali pamoja. Hiyo ni habari muhimu sana kwa daktari, kwa sababu inamtoa kwenye maradhi ya jicho na kumpeleka kwenye mishipa na misuli inayoligeuza.

Baada ya hapo, siku hiyo hiyo au siku mbili tatu baadaye, hatua zinaanza kuyumba. Mgonjwa anatembea miguu imepanuka, anashika ukuta, kona inamshinda. Kope zinaweza kulegea, moja au zote mbili. Mboni zinaweza kupanuka na kuchelewa kusinyaa zikimulikwa. Wengine wanahisi ganzi au mchonyoto kwenye vidole, sauti inakuwa nzito, au upande wa uso unalegea. Dalili huzidi kwa muda wa wiki moja hivi, wakati mwingine zaidi kidogo, kisha zinasimama.

Niseme na hili, maana linaumiza watu: mtu anayepepesuka, macho yamelegea na maneno yanaburuzika, huchukuliwa haraka kuwa mlevi. Wapo waliorudishwa nyumbani wakalale pombe iishe, ilhali hawakuonja hata tone. Ukimsindikiza mgonjwa wa namna hiyo, taja mapema na kwa sauti kwamba hajanywa, na kwamba hali imeanza siku fulani na inaendelea kuzidi.

Mbona miguu ina nguvu lakini siwezi kutembea?

Swali zuri, na ndilo linalowachanganya hata ndugu. Ukiwa umeketi, daktari anakuambia usukume kiganja chake kwa mguu, unasukuma barabara. Ukisimama, unayumba. Sababu ni kwamba kutembea hakutegemei nguvu peke yake. Ndani ya misuli mna vihisio vidogo vinavyoupasha ubongo habari, kila mara, kwamba goti limekunjwa kiasi gani na kisigino kiko wapi. Inaelekea kwamba hizo njia za habari ndizo zinazoguswa na kingamwili. Amri inakwenda vizuri kutoka kwenye ubongo, ila taarifa ya kurudi haifiki au inafika vibaya. Njia hizo hizo ndizo zinazotumika goti likigongwa kwa nyundo, ndiyo maana nalo linanyamaza.

Unasababishwa na nini?

Wagonjwa wengi, ukiwauliza kwa utulivu, wanakumbuka kwamba wiki moja au mbili kabla ya macho kuharibika walikuwa na mafua, kikohozi, koo linalouma, au waliharisha. Vijidudu vinavyohusishwa zaidi ni bakteria wawili: Campylobacter jejuni, anayeharisha watu na hupatikana hasa kwenye nyama ya kuku isiyoiva vizuri na maziwa yasiyochemshwa, na Haemophilus influenzae, anayekaa kwenye njia ya hewa.

Maelezo ya kitaalamu ni haya. Ngozi ya nje ya bakteria hao ina molekuli za sukari na mafuta zinazofanana mno na molekuli iitwayo GQ1b, ambayo imejaa kwenye mishipa mitatu inayogeuza kila jicho. Kinga inatengeneza kingamwili dhidi ya bakteria, kisha kingamwili zile zile zinakwenda kugota kwenye neva za macho. Ni kama mlinzi aliyepewa picha ya mwizi akaenda kumkamata pacha wake aliyekuwa amelala nyumbani. Watafiti wa Japani ndio waliozionesha kingamwili hizi kwa wagonjwa wa Miller Fisher, mwaka 1992, na tangu hapo zimekuwa alama kuu ya ugonjwa.

Usianze kujilaumu kwa chakula ulichokula. Watu wengi mno huambukizwa Campylobacter, wakaharisha siku chache, wakapona na kusahau. Ni wachache sana ambao kinga yao inachepuka hivi.

Unaambukiza? Unarithiwa?

Hapana, na hapana. Unaweza kukaa na mgonjwa, kumlisha, kulala naye chumba kimoja. Watoto wake hawaurithi.

Ni watu wangapi wanaoupata?

Ni nadra: mtu mmoja au wawili katika kila milioni kwa mwaka. Guillain-Barré yenyewe ni mtu mmoja au wawili katika kila laki moja, kwa hiyo huu ni adimu mara kumi zaidi. Wanaume wanaupata karibu mara mbili ya wanawake. Unaweza kumpata mtu wa umri wowote, watoto wakiwemo, ingawa wengi ni watu wazima. Katika nchi za Magharibi ni kama 5 kati ya kila wagonjwa 100 wa Guillain-Barré, lakini Japani na nchi jirani zake sehemu hiyo ni kubwa zaidi, hadi robo hivi.

Uhaba huo una hasara moja ya wazi: daktari wa kwanza kukuona huenda hajawahi kukutana na mgonjwa kama wewe. Si uzembe. Ndiyo sababu ni vizuri kufika mahali penye daktari wa mishipa ya fahamu mapema inavyowezekana.

Kwa nini nisisubiri nione kama itaisha yenyewe?

Kwa sababu siku ya kwanza hakuna anayeweza kuapa kwamba ni Miller Fisher. Kuona vitu viwili na kupepesuka kunaweza kuwa kiharusi cha shina la ubongo, na kiharusi kinahesabiwa kwa saa, si kwa siku. Kinachotofautisha mara nyingi ni kasi: kiharusi hupiga ghafla, mtu yuko sawa dakika hii na dakika inayofuata hayuko, Miller Fisher hupanda kwa siku. Lakini usimwachie kasi peke yake uamuzi huo. Nenda siku hiyo hiyo.

Yapo mengine yanayofanana. Miasthenia gravis nayo hulegeza kope na kupindisha macho, ila hubadilika ndani ya siku moja, asubuhi nafuu na jioni mbaya, na goti bado linaruka likigongwa. Sumu ya botulini, inayotokana na chakula kilichohifadhiwa vibaya, hukausha mdomo na kulegeza misuli kuanzia usoni kushuka. Upungufu mkubwa wa vitamini B1, unaowapata hasa wanywaji wa muda mrefu na watu waliotapika au kukosa chakula kwa wiki kadhaa, huleta macho yasiyogeuka, kuyumba na kuchanganyikiwa. Huo daktari akiushuku huchoma sindano ya vitamini bila kungoja majibu, kwa sababu kuchelewa kunaharibu ubongo na sindano yenyewe haina gharama wala hatari ya kutajwa.

Kisha kuna ndugu wa karibu kabisa, ugonjwa wa ubongo wa Bickerstaff. Una macho yale yale na kuyumba kule kule, na mara nyingi kingamwili zile zile, lakini mgonjwa anasinzia, anachanganyikiwa, au hata kupoteza fahamu. Mgonjwa wa Miller Fisher anakuwa macho na akili zake timamu. Akianza kulala ovyo na kujibu mambo yasiyoulizwa, mwite muuguzi.

Watanipima nini?

Kwanza mikono na macho ya daktari. Atakuambia ufuate kidole chake bila kugeuza kichwa, kushoto, kulia, juu, chini, na ataangalia ni jicho gani linakwama na wapi. Atakugonga magoti, viwiko na visigino. Atakuomba uguse pua yako kisha kidole chake, haraka haraka. Halafu utembee, naye akiwa karibu kukudaka. Daktari mzoefu anaweza kuutambua ugonjwa hapo hapo.

Picha ya MRI ya ubongo mara nyingi hutoka safi, na kazi yake hasa ni kuondoa kiharusi, uvimbe na mengineyo. Usivunjike moyo ukiambiwa picha haina kitu. Hiyo ni habari njema.

Maji ya uti wa mgongo huchukuliwa kwa sindano kiunoni, ukiwa umelala ubavu umejikunja. Wanachotafuta ni protini nyingi bila ongezeko la chembe nyeupe. Katika wiki ya kwanza maji yanaweza kuwa ya kawaida kabisa, kwa hiyo jibu zuri siku ya tatu halifuti ugonjwa.

Damu hupimwa kingamwili za GQ1b. Kati ya wagonjwa 10, zaidi ya 8 wanakuwa nazo. Maabara nyingi hazina kipimo hiki, sampuli inasafirishwa na majibu yanachukua siku au wiki. Matibabu hayangoji majibu hayo. Na ukitoka huna kingamwili hizo, bado unaweza kuwa na ugonjwa wenyewe.

Dawa yake ni ipi?

Hapa ndipo watu wanaposhangaa, kwa sababu jibu la kweli ni kwamba wengi wanapona hata bila dawa ya kuupiga ugonjwa wenyewe.

Tiba mbili zinazotumika zimeazimwa kutoka Guillain-Barré. Ya kwanza ni imunoglobulini ya mshipani, yaani kingamwili zilizokusanywa kutoka kwa maelfu ya wachangiaji damu, zikaingizwa kwa dripu, kwa kawaida gramu 0.4 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, siku 5 mfululizo. Inaweza kuleta maumivu ya kichwa, homa na baridi, na mara chache kuganda kwa damu. Ya pili ni kubadilisha maji ya damu: mashine inatoa damu, inatenga maji yake pamoja na kingamwili zilizomo, kisha inarudisha chembe na maji mbadala, mizunguko kama mitano ndani ya wiki mbili. Hutolewa moja au nyingine. Kufanya zote kwa kufuatana hakujaonesha faida ya ziada.

Kwa Guillain-Barré yenye udhaifu wa miguu, tiba hizi zimethibitika. Kwa Miller Fisher ya macho na mizani tu, hazijaonesha wazi kwamba zinabadilisha mwisho wa safari. Ndiyo maana daktari mmoja anaweza kukutundikia dripu na mwingine akaamua kukuangalia tu kwa karibu, na wote wawili wakawa sahihi. Dripu hizi ni ghali mno, kwa hiyo una haki ya kuuliza: "Daktari, mimi unanipa kwa sababu gani?" Sababu zenye nguvu ni miguu au mikono kuanza kulegea, kumeza kuwa kugumu, au pumzi kupungua. Hapo usisite.

Vipi kuhusu vidonge vya steroidi?

Havijasaidia kwenye familia hii ya magonjwa. Inashangaza, kwa sababu magonjwa mengi ya kinga hutulia kwa steroidi, lakini Guillain-Barré haikuonesha nafuu yoyote ya maana.

Mbona wananiambia nihesabu kwa sauti kila baada ya saa chache?

Wanapima pumzi yako. Unavuta hewa mpaka kifua kijae, kisha unahesabu moja, mbili, tatu mpaka hewa iishe, bila kuvuta tena. Leo umefika 30, kesho 28, sawa. Leo 30 na jioni 15, muuguzi anakimbia kumwita daktari. Mahali penye vifaa utapuliza pia kwenye mrija wa kipimo.

Wagonjwa wachache wanaanza na Miller Fisher kisha ugonjwa unashuka na kuwa Guillain-Barré kamili, na baadhi yao wanahitaji mashine ya kupumulia. Ndiyo maana siku za mwanzo ni za wodini hata kama unajiona mzima kiasi cha kwenda kulala kwako. Mwite muuguzi mara moja ukipaliwa na mate au maji, sauti ikiingia puani, kichwa kikawa kizito kukiinua kutoka kwenye mto wa kulalia, ukashindwa kulala chali kwa sababu ya pumzi, au moyo ukaenda mbio bila sababu.

Nitapona? Lini?

Uwezekano ni mkubwa sana kwamba utapona. Nafuu huanza kuonekana ndani ya wiki mbili hadi nne tangu dalili zilipoanza. Kwa kawaida mizani hutangulia, ikichukua kama mwezi mmoja, na macho hufuata, kama miezi mitatu. Ikifika miezi sita, wengi wamerudi kwenye shughuli zao. Vifo ni nadra, na hutokana zaidi na matatizo ya pumzi au moyo.

Goti linaweza kubaki kimya muda mrefu baada ya mengine yote kurudi. Halina madhara. Kinacholalamikiwa zaidi ni uchovu: mtu anatembea vizuri, anaona vizuri, lakini saa nane mchana amekwisha. Mwajiri haoni kitu, familia haioni kitu, na mgonjwa anaanza kujiona mvivu. Rudi kazini kwa nusu siku kwanza kama inawezekana, na omba cheti kinachosema hivyo kwa maandishi.

Nifanye nini na macho wakati huu?

Funika jicho moja. Kiraka cha duka la dawa kinatosha, au gandisha karatasi ya kupitisha mwanga hafifu kwenye kioo kimoja cha miwani. Badilisha jicho kila baada ya saa kadhaa, lisionewe moja tu. Kwa mtoto mdogo hili ni la lazima na lisimamiwe na daktari wa macho. Jua kwamba ukiwa na jicho moja utakosea umbali: ngazi, kikombe, mkono wa mtu anayekusalimu.

Macho yakichukua muda mrefu, kuna miwani ya prizimu inayozisogeza taswira mbili zikutane. Usiikimbilie wiki ya pili, kwani pembe ya macho inabadilika kila siku na miwani uliyolipia leo haitakufaa mwezi ujao.

Kope zisipofumba vizuri, jicho linakauka na kioo chake kinachubuka. Weka matone mchana, mafuta ya macho usiku, na ufunge kope kwa utepe laini wakati wa kulala. Jicho likiwa jekundu, likauma na mwanga ukalichoma, usisubiri kliniki ijayo.

Na kutembea?

Anza na mtu pembeni au kigari cha kushikilia, na mtaalamu wa fiziotherapia akikupangia mazoezi. Fimbo moja haimtoshi anayeyumba pande zote mbili. Mahali pa hatari zaidi ni bafuni, hasa ukifumba macho kuosha uso, kwa sababu macho hata yakiwa mabovu yanakusaidia kusimama. Weka kiti cha kukalia unapooga. Taa iwake usiku kucha njia ya chooni.

Gari, pikipiki na baiskeli, hapana. Wala ngazi za kuegesha na mashine za kukata. Utarudi kuendesha daktari akishathibitisha kwamba huoni tena vitu viwili na miguu inakutii.

Naweza kupata chanjo baadaye?

Kwa wengi, ndiyo, ila zungumza na daktari wako kabla. Hofu ilianzia mwaka 1976 huko Marekani, ambapo chanjo ya mafua ya nguruwe ilifuatiwa na ongezeko dogo la Guillain-Barré, kama mtu mmoja wa ziada kwa kila laki moja waliochanjwa. Chanjo za mafua za sasa, kama zina hatari hiyo, ni ndogo zaidi, na mafua yenyewe nayo yanaweza kuchochea ugonjwa. Inayohitaji tahadhari ni chanjo uliyochomwa ndani ya wiki sita kabla ya kuugua. Iandikwe kwenye faili lako.

Unaweza kurudi?

Mara chache sana. Wapo wachache walioupata tena, wengine baada ya miaka mingi. Usiishi ukikagua macho yako kwenye kioo kila asubuhi, na usiogope kila mafua. Lakini ukiona tena vitu viwili au hatua zikaanza kuyumba, nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiwa na karatasi zako za mwanzo, umwambie daktari wa zamu jina la ugonjwa kabla hajakuuliza umekunywa nini.